Mzee kaenda Dar kuuliza njia

Alhamisi

Na nilimwambia. Nilimwambia mzee wangu, Dar siyo Mwese kijijini kwetu, hushuki kwenye basi ukauliza kwa Yohana fundi viatu ukaonyeshwa mlango. Akanicheka. "Mama Yohana, mji ukiwa mkubwa, ndiyo watu wa kuuliza wanakuwa wengi." Namba ya simu ya mwanetu akaiacha mezani.

Leo Yohana kapiga. Anamtafuta baba yake stendi tangu jana. Muuza maji alimwona mzee akiuliza kila mtu, mpaka mwanaume mmoja akamshika mkono: "Yohana? Namjua sana, twende."

Mjinga wangu yule, hajui hata kulala bila mimi kumfunika.

Nikauliza ni rafiki gani huyo. Yohana akasema, "Mama, huku hakuna anayenijua kwa jina hilo."