Niliuza Pijo, Nikabaki na Ufunguo

Mshauri mpendwa, nakuomba msaada na nakuomba uharakishe, kwa sababu Jumamosi hii nimeitwa kutoa ushahidi dhidi ya mtu ambaye hajakosa, na anayejua kwamba hajakosa ni mimi peke yangu.

Mimi ni mwanamume wa miaka hamsini na minane, nina duka la chakula cha mifugo hapa Machakos mjini na shamba dogo kule Kola, nina mke, Mutheu, na watoto watatu ambao wameshatoka nyumbani, na sijawahi kuitwa polisi wala kwa chifu kwa jambo lolote. Udhaifu wangu ni magari, si magari ya kujionyesha bali yale niliyowahi kuyamiliki, ambayo nayakumbuka moja moja, Datsun 1200 ambayo mlango wa kushoto ulifungika tu ukiuinua kidogo, Corolla iliyonuka maembe hadi siku nilipoiuza kwa sababu ya mavuno ya mwaka mmoja tu, na mwisho Peugeot 504 pikapu, rangi ya maziwa, niliyokaa nayo miaka kumi na tisa na ambayo ndiyo imenileta kwako.

Pijo hiyo asubuhi ya baridi ilitaka uvute choki ya kuwashia nusu, si nzima, na ukiivuta nzima ilinuna mpaka saa nne, na ikiwaka ilikuwa na mlio wa chini ambao Mutheu aliusikia nikiwa bado barabara kuu akaweka chai mekoni. Ilibeba mahindi, ilibeba ng'ombe mgonjwa, ilibeba jeneza la mama yangu kutoka mochari, na siku ile ya jeneza ilipanda mlima kwa gea ya pili bila kurukaruka hata mara moja, kama iliyoelewa. Mwaka juzi mwanangu Mbithi akaniambia mbele ya wageni, "Baba, hiyo ukiingia nayo Nairobi watu wa vyuma chakavu watakusimamisha wakuulize unauza kilo ngapi." Wageni wakacheka, nami nikacheka, lakini neno likanikaa, na kabla ya mwezi kuisha nilikuwa nimeiuza kwa hasira niliyodhani ni busara. Mutheu aliniambia siku hiyohiyo, "Mimi sikusema uuze. Usije ukaniwekea mimi hilo."

Nilimuuzia Mahmud, mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Kyumbi, mtu mwaminifu tuliyefanya biashara naye miaka mingi. Nilimkabidhi ufunguo mmoja. Akauliza wa pili uko wapi, nikamwambia ulipotea zamani, nao ulikuwa mfukoni mwangu. Sikupanga kuutumia, mshauri, naapa, nilitaka tu kuwa nao. Kisha nikanunua gari dogo la kutoka Japani lisilo na gea za kuingiza, ambalo hunipigia kengele nikisahau mshipi na halihitaji chochote kutoka kwangu.

Ijumaa moja mchana nilipita Kyumbi kupeleka chakula cha kuku, nikakuta duka la Mahmud limefungwa kwa sababu yeye alikuwa ameenda msikitini, na Levi, dereva wake, alikuwa ameenda kula, na Pijo imeegeshwa uwanja wa nyuma ambao hauna lango, kioo cha mbele kimejaa vumbi la saruji. Nikafungua mlango, nikasukuma kiti nyuma nikakaa, nikashika usukani, basi. Ijumaa iliyofuata nikarudi nikaiwasha kidogo tu nisikie, nikasikia inapumua vibaya, kwa hiyo Ijumaa ya tatu nikaja na bisibisi nikarekebisha kabureta, na nyingine nikaongeza mafuta ya injini kwa sababu yalikuwa yamepungua na hakuna aliyejali, na mara moja tu nikaizungusha pale uwanjani, na hatimaye nikatoa plagi zote nne ambazo zilikuwa nyeusi kama makaa nikafunga mpya nilizonunua mwenyewe, zile hasa ambazo injini hiyo inazitaka. Za zamani nikazirudisha dukani kwangu ndani ya kopo. Niliona kila moja ina doa jekundu, nikadhani ni uchafu.

Haukuwa uchafu. Unajua watu wa huku ambao magari yao yanaendeshwa na wengine, huweka alama kwenye spea, kwa kuwa dereva na fundi wakielewana, nzuri hutolewa na mbovu ikafungwa. Mahmud alikuwa ametia alama kwa rangi ya kucha ya mkewe. Fundi alipofungua injini, alama hazipo, na plagi mpya zisizo na alama Mahmud akazichukulia kuwa za bandia. Mahmud akanipigia simu akicheka kicheko cha uchungu, "Mzee, wewe ndiye uliyeizaa hii gari. Njoo uniangalilie, nimeibiwa na mtu ninayemlisha."

Nikaenda, kwa sababu nisingeenda angeshangaa. Boneti ilikuwa wazi, fundi amesimama na plagi kiganjani, na Levi akanigeukia upesi akaniambia, "Mzee, waambie. Mimi hata spana ya plagi sina. Mara ya mwisho kushika spana nilikuwa nafunga kitanda."

Fundi akacheka. Mahmud hakucheka. "Usimfundishe maneno," akamwambia Levi. "Na kiti ninachokiacha mbele, kila Ijumaa nakikuta nyuma, ni jini? Mimi naswali, yeye anabebea watu mizigo. Mzee, tazama vizuri. Hizi ni zile ulizoniuzia nazo?"

Nikazitazama plagi nilizozifunga kwa mikono yangu mwenyewe, nikasema, "Hapana. Hizi si zile." Jambo ambalo lilikuwa kweli.

"Umesikia?" Mahmud akamuuliza Levi.

"Nimesikia, bosi," Levi akasema, lakini macho yake yalikuwa kwangu, na wala hayakuwa na hasira, yalikuwa kama ya mtu anayengoja umalizie.

Sikumalizia. Na nikuambie lililo baya zaidi, ambalo, kama haya mengine yote, Mutheu halijui, kwamba wakati wanabishana fundi aliiwasha ile Pijo, nikasikia inanguruma sawasawa kama zamani, na nikafurahi, mshauri, nilisimama pale mtu akivuliwa heshima yake na mimi nimefurahi.

Sasa Levi ameambiwa akae nyumbani hadi Jumamosi, baba yake atakuja, na Mahmud anataka niseme mbele yao nilichosema siku ile, kisha amfukuze, na pale Kyumbi maduka yote yanajuana, mtu akitoka duka moja kwa wizi hapati lingine. Nimewaza nimwombe Mahmud amsamehe tu, nimwambie plagi ni kitu kidogo, bila kutaja ufunguo. Nimewaza pia nimwombe aniuzie tena Pijo ili mambo yote yaishe. Nifanye nini ili Levi asifukuzwe nami nisiaibike mbele ya watu niliozeeka nao?

Ni mimi,
Mwenye Majuto, Machakos

*

Mwenye Majuto,

Jibu hili nilikutumia kwa simu Jumatatu, siku barua yako iliponifikia, kwa sababu gazeti hili hutoka Jumapili, na Jumapili ungekuwa umechelewa. Wasomaji wanalisoma leo kwa ruhusa yako, majina yakiwa yamebadilishwa.

Kupenda gari uliloliuza si wazimu na sitakucheka. Nilikuwa mwandishi wa habari kabla ya kuketi kwenye meza hii, na miaka mingi nilizunguka Ukambani kwa Renault 4 ambayo nililala ndani yake, nikaandikia ndani yake, na mara moja nikaililia. Mara ya mwisho kuiona haikuwa na magurudumu, na kuku walikuwa wakitaga kwenye kiti cha nyuma. Nilisimama kidogo, nikaenda zangu. Najua ulichokikosa: mashine iliyokujua mkono. Hilo gari dogo la Japani halina kosa. Uliuza kwa sababu ya kicheko cha wageni, na majuto yake ni halali yako.

Huruma yangu inaishia hapo.

Ulimdanganya mnunuzi kuhusu ufunguo. Uliingia katika mali yake mara nyingi bila ruhusa, na sheria haina kifungu cha watu waliokuwa wakirekebisha kabureta. Unasema uliizungusha uwanjani mara moja tu. Katika kazi yangu nimesikia "mara moja tu" kutoka kwa watu wengi, na sijawahi kuiandika bila kuuliza tena. Wewe jiulize mwenyewe.

Nimesoma barua yako mara mbili, kalamu mkononi, kama nilivyokuwa nikisoma taarifa za mahakama. Najua Pijo inataka choki nusu. Najua Corolla ilinuka maembe. Najua mlango wa Datsun uliinuliwaje. Lakini sijui Levi ana umri gani, ana mke au hana, amemfanyia Mahmud kazi muda gani, wala anakaa wapi. Umeniandikia kuhusu magari manne na dereva mmoja, na aliyepata maneno machache zaidi ni huyo anayeweza kulala njaa.

Unajitetea kwamba ulichosema mbele ya boneti kilikuwa kweli. Kilikuwa kweli. Uongo mbaya kuliko wote niliowahi kuuandika bila kujua nilipewa na watu waliosema kweli tupu, wakanyamaza neno moja kabla ya kumaliza. Levi alikuwa akingoja hilo neno. Wewe mwenyewe ulimwona akingoja.

Sasa maombi yako. Kumwombea Levi msamaha, hapana. Mtu aliyesamehewa wizi ambao hakuufanya anabaki mwizi, na kesho kutwa chochote kikipotea atatafutwa yeye kwanza. Kuinunua tena Pijo, hapana. Mahmud akikubali atakuwa ameuza gari, na Levi atakuwa bado hana kazi. Na usijidanganye kwamba hilo ni wazo la kumsaidia dereva.

Fanya hivi. Leo jioni mwambie Mutheu. Ameishi nawe na Pijo miaka yote hiyo, na alikuonya. Si haki alisikie sokoni. Kesho asubuhi nenda nyumbani kwa Levi kabla hujakanyaga kwa Mahmud. Wengi hukimbilia kwa mwenye mali kwa sababu ndiye wanayemwogopa, lakini uliyemkosea zaidi ni mwingine. Usimpelekee sukari na unga ukadhani umeongea. Ongea, kisha umsikilize hata akikutukana. Siku alizokaa nyumbani bila kazi ni juu yako, wala usingoje akuombe.

Kutoka hapo nenda Kyumbi. Beba ufunguo na lile kopo lenye plagi nne za zamani. Hili ni muhimu kuliko unavyofikiri. Ukienda mikono mitupu Mahmud ataona mzee mwenye moyo mwepesi anayembebea dereva mzigo, na atakushukuru, na atamfukuza Levi vilevile. Ile rangi ya kucha aliipaka kwa mkono wake. Akiiona ataitambua.

Anaweza kwenda polisi. Ni haki yake, usimbembeleze asiende. Anaweza kukukataza kufika pale tena. Mtii, na ukikutana na hiyo pikapu barabarani imebeba mabati, mpishe dereva uendelee na safari yako. Plagi zako mpya mwachie, wala usimwambie ni nzuri.

Na hata yakiisha kwa amani hiyo kesho, Jumamosi bado uende. Levi alishutumiwa mbele ya watu. Kusafishwa chumbani hakutoshi. Hakikisha fundi yupo, maana alicheka, na waliocheka ndio wanaoeneza habari. Hakikisha baba yake Levi amekaa mahali anapoweza kukuona uso.

Watataka kujua kwa nini. Utashawishika kuanza na jeneza la mama yako, na mlima, na gea ya pili, na ukianza hapo wataguswa, mzee mwenzako atatikisa kichwa, na ghafla watakuwa wanakuonea huruma wewe. Usiwape nafasi hiyo. Simama, usivue kofia kwa unyonge, na neno la kwanza kutoka kinywani mwako liwe jina lake. Sema, "Levi hakuigusa. Ni mimi." Kisha nyamaza, na ukae katika kimya hicho kadiri watakavyotaka, kwa kuwa yeye amekaa ndani yake wiki nzima.