Nimebaki wa Tisa, Mgeni Anakwenda Fainali

Mpendwa Mama Hwa-ja,

Kuna sauti haijanitoka masikioni tangu vuli, nayo ni ya magurudumu ya kiti yakikwaruza sakafu, krrr, upande wa pili wa ukuta, halafu kimya. Mimi nilikuwa upande huu, hedifoni nimeivua sikio moja kwa sababu ya jasho, mkono juu ya kipanya, na baada ya ile krrr nikaandika zile herufi mbili za kukubali kushindwa, nikabonyeza, na hivyo ndivyo nilivyokuwa mtu wa tisa katika nchi inayopeleka watu wanane.

Naomba unisaidie katika safu yako ya gazetini, ila tafadhali usianze kwa kuniambia michezo ya kompyuta ni ya watoto, hilo mama yangu ameshanisaidia, naye huwaambia majirani zake wa Daejeon kwamba bado nasoma, ingawa shahada yangu ya takwimu niliimaliza mwaka juzi na imetundikwa ukutani kwake, si kwangu.

Naishi Mangwon, ghorofa ya tatu, katika nyumba ya timu, pamoja na wachezaji wenzangu na Kocha Ma, na mchana huja Mama Mdogo anayetupikia. Tunacheza mchezo wa vita: kila mmoja ana kambi zake, anajenga, anaunda jeshi, anampeleleza mwenzake, na anayezidiwa anaandika kwamba ameshindwa, maana kung'ang'ania mchezo uliokwisha ni utovu wa adabu. Sheria ya nyumba ni moja tu, aliyeshindwa kuliko wote siku hiyo ndiye anayeosha vyombo.

Kwa fainali za dunia zitakazochezwa Gdansk mwezi Januari waandaaji wametoa nafasi kumi na sita, nane za Korea na nane za dunia nzima iliyobaki, na Mama Hwa-ja, mimi nimesoma takwimu, naweza kukuhakikishia kwamba ukiwapanga wachezaji wote kwa uwezo wao, wageni wawili labda wangeingia, na huyo wa pili angeingia akitetemeka. Hizo nyingine wanaziita nafasi za kanda. Mimi naziita nafasi za huruma. Kijana wa Seoul anaacha shule, anaharibu mgongo na macho, anashinda kila mtu isipokuwa watu wanane walio bora kuliko wote duniani, kisha anaambiwa akae nyumbani atazame kwenye skrini wachezaji ambao yeye angewamaliza huku anakula tambi kwa mkono wa pili.

Na mmoja wa wageni hao anakula meza moja nami. Anaitwa Rasmus, ana miaka ishirini, ametoka Denmark. Alikuja kwetu majira ya kuchipua kwa makubaliano ya timu yake na Kocha Ma, kwa sababu kwao hakuna wa kumshinda na kwa hiyo hakuna wa kumfundisha. Tukampa kitanda, tukamlisha, tukamshinda kila siku mpaka akajua sifongo inakaa wapi na sabuni inaisha lini. Mwezi wa tisa akaenda kwao, akacheza mchujo wa kanda yake, akarudi na nafasi ya fainali kama mtu aliyetoka mara moja kununua mayai. Siku hiyo hiyo alicheza nami, akashindwa, akaosha vyombo. Hebu fikiria, mtu anayekwenda fainali za dunia ana povu hadi kwenye viwiko, anapiga mluzi, na mimi niliyempeleka kwenye lile povu ndiye ninayebaki nyumbani.

Kaka Ki-beom, nahodha wetu, humtania sana.

"Rasmus, huko kwenu wa kwanza ni wewe. Wa pili ni nani, paka wenu?"

"Paka hachezi, Kaka. Ana kazi."

"Afadhali yeye ana kazi," akasema Kocha Ma, na meza nzima ikacheka, hata mimi, na nilijichukia kwa kucheka, maana kijana huyu hachukiki kwa urahisi. Lugha yetu anaiongea imepinda lakini kwa adabu, wakubwa anawamiminia maji kwa mikono miwili, na mimi ananiita Dada.

Sasa ratiba imetoka, na mechi ya kwanza ya Rasmus huko Gdansk ni dhidi ya Kaka Ki-beom. Jioni ile alikuja akasimama mlangoni kwangu.

"Dada, naomba ucheze nami kila siku mpaka nisafiri. Ki-beom wewe unamjua kuliko mtu yeyote."

"Nikusaidie umtoe Kaka yangu, na wewe umeingilia mlango wa uani?"

"Huo mlango sikuujenga mimi. Lakini nikishaingia, sitaki kuaibika."

"Utaaibika tu."

"Ndiyo maana nakuomba."

Nilikwenda kwa Kocha Ma nikitumaini atakataa kwa niaba yangu, naye akaniambia wewe si mtoto, amua, na tangu hapo zimepita wiki tatu, nachungulia jikoni kabla ya kuingia, nikimwona nageuka.

Na kuna Kaka Ki-beom mwenyewe. Ana miaka ishirini na saba. Ndiye aliyenileta katika nyumba hii, ndiye aliyenifundisha kutazama jeshi la adui bila kulisahau langu. Majira ya kuchipua anaingia jeshini kwa lazima ya sheria, jeshi la kweli, na akitoka vidole vyake vitakuwa vimekwisha kwa mchezo huu. Fainali hii ndiyo ya mwisho kwake na ndiyo ya kwanza, hajawahi kufika. Katika mchujo tulikutana sisi wawili kwa nafasi ya nane, kila mmoja chumbani kwake, na ukuta wetu ni wa mbao nyembamba, na kiti chake sote tunakijua, maana mchezo ukimshinda hukisukuma nyuma, na kikilia tu mtu anapaza sauti kutoka jikoni, "Haya, Ki-beom, sifongo inakusubiri!" Lakini mimi nilikuwa nimepoteza kambi moja, nikashindwa, basi.

Niambie, Mama. Je, nimsaidie mgeni aliyepewa nafasi kwa huruma amshinde kaka aliyeipata kwa jasho? Au nimkatalie, nilale vizuri?

Wa Tisa, Mangwon, Seoul

*

Wa Tisa, mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza kwa huruma, ya pili kwa miwani. Sikuambii michezo ni ya watoto. Watoto wakishindwa hulia, kisha huenda kula. Wewe umeandika tasnifu.

Tuanze na hesabu zako. Ni kweli, wewe ni bora kuliko kijana huyo, na yeye anakwenda. Inauma, na ina haki ya kuuma. Lakini fainali za dunia zenye Wakorea kumi na wanne si za dunia, mwanangu, ni za Seoul, na mngeweza kuzichezea hapo hapo ghorofa ya tatu na Mama Mdogo akawa mtazamaji. Mtoto wa Denmark asipomwona wa kwao hata mmoja jukwaani ataufunga mchezo wenu akacheze mwingine, na baada ya miaka michache mtabaki mkioshana vyombo wenyewe kwa wenyewe huku mkiitana mabingwa wa dunia. Kama unaona nane kwa nane ni nyingi mno kwa wageni, waandikie waandaaji, weka jina lako kamili chini, dai kumi kwa sita. Ningekusoma kwa furaha. Ila hukuniandikia mimi kwa ajili ya hilo.

Nafasi ya nane ilikuwa ya Korea. Ilikuwa ndani ya nyumba yenu, kati ya vyumba viwili. Aliyeichukua si Rasmus, ni Ki-beom. Rasmus umemwandikia povu, viwiko na mluzi. Ki-beom umemwandikia kwa asali. Hapo ndipo nilipovaa miwani.

Soma mwanzo wa barua yako. Kiti kililia, ndipo ukabonyeza. Kisha huko chini kabisa, ukidhani nimeshachoka, unaniambia kwamba kiti cha Ki-beom hulia pale mchezo unapomshinda. Mwanangu, anayeshinda hasukumi kiti nyuma. Alikuwa ameshaachia kipanya. Ulimsikia akikata tamaa, ukalikumbuka jeshi la kweli linalomngoja, ukawahi kushindwa kabla yake.

Kwa hiyo nafasi ya huruma ipo kweli, na aliyeitoa ni wewe. Waandaaji angalau ya kwao waliitangaza hadharani, kila mtu akaijua, kila mtu akaitukana. Ya kwako uliitoa kwa siri, hata aliyepewa hukumuuliza kama anaitaka, kisha ukaenda kumnunia mwosha vyombo. Na bado unaniandikia kwamba Ki-beom aliipata kwa jasho! Jasho la nani? Lililokufanya uvue hedifoni?

Sasa nisikilize. Kabla hujaenda kwa Rasmus, nenda kwa Ki-beom. Mwambie ulichofanya kwa maneno machache, bila machozi na bila kudai urudishiwe. Akikasirika mwache akasirike, umemfanya mwanamume mzima mtoto wa kubebwa mgongoni. Ukitoka hapo mjibu Rasmus usoni, ndiyo au hapana, siku hiyo hiyo. Wiki tatu za kuchungulia jikoni ni woga, na shahada haiubadilishi jina. Ukikubali kumfundisha, mfundishe kila unachokijua, si nusu. Ukikataa, sema unakataa kwa sababu unampenda Ki-beom, na ule mlango wa uani usiutaje tena, kwa sababu wewe umewafungulia watu mlango huo huo.

Na siku ukirudi kwenye mchujo, vaa hedifoni masikio yote mawili.

Mama Hwa-ja

*

Mama Hwa-ja,

Gazeti lilipofika Mangwon nilikuwa nimeshakwenda kwa Kaka. Kiti ulichokisikia ndani ya barua yangu nami nilikisikia, lakini baada ya kuituma, nilipoisoma tena kama barua ya mtu mwingine. Nilitamani mwandishi wake apigwe kofi.

Kaka Ki-beom alikuwa anakata kucha sebuleni.

"Kaka, siku ile ya mchujo nilijisalimisha mapema."

Hakuinua kichwa. "Unadhani mimi sikukisikia kiti changu?"

"Mbona hukusema?"

"Ulitaka niseme nini? Asante?"

Akaweka chini kikata kucha, akainuka, akaenda chumbani kwake kuwasha kompyuta, nami nikaingia changu. Mechi zetu zote huhifadhiwa, na mchezo wenyewe unakuruhusu kuichukua mechi ya zamani na kuiendeleza kutoka dakika yoyote unayotaka. Akaifungua ile ya mchujo, akaisogeza hadi pale nilipobonyeza, akasema kupitia ukutani, "Kaa." Jeshi langu lilikuwa pale pale nilipoliacha. Lake pia. Kocha Ma alisimama nyuma yangu, Rasmus mlangoni. Tulianza, na haikuchukua muda kiti kikalia. Safari hii mikono yangu ilibaki juu ya kibodi. Zile herufi mbili aliziandika yeye.

Hakuna aliyemtania kuhusu sifongo. Alikwenda mwenyewe jikoni, mchana ule ule, akaosha vyombo vyote, hata sufuria ya mchuzi wa kimchi ambayo Mama Mdogo alikuwa ameiloweka. Alipomaliza alijifuta mikono, akaja hadi karibu yangu.

"Nafasi bado ni yangu," akasema. "Ulinipa mwenyewe, mimi sikukuomba."

"Najua."

"Na Gdansk nakwenda."

"Nenda, Kaka."

"Basi usinitazame tena hivyo."

Sijui nilikuwa namtazamaje. Nimeacha.

Bado naamini nane kwa nane si haki, na nimewaandikia waandaaji hivyo, kwa jina langu, Pyo Seo-yul, pamoja na majedwali. Wamenijibu kwamba wamepokea. Shahada imefanya kazi yake ya kwanza.

Rasmus nimemwambia ndiyo, na jana tumeanza. Nimemwonyesha kambi ambayo Ki-beom huiacha wazi kila akiwa na haraka, na nimemrudisha hapo mpaka akaiona bila kuambiwa. Kisha nikamwambia jambo moja zaidi, kwamba akiona jeshi la Ki-beom limesimama ghafla bila sababu, ajue huko Gdansk, ndani ya kibanda cha mchezaji cha upande wa pili wa jukwaa, kiti kimelia, asingoje, ashambulie. Niliyasema hayo kwa sauti ya kawaida. Ki-beom alikuwa chumba cha pili, mlango wazi, na nilitaka asikie.