Metre ya Kilo na Tumbo ya Bihogo

Burungu, Jumapili 1, mwezi wa tatu
Nimepaka tena vipimo vyangu mafuta. Rula ya chuma ya mufukoni, mjomba aliileta toka mugodi ya Bisie. Metre ya mbao ya kukunja, namba zinaanza kufutika. Na ya kitambaa, Mama Furaha jirani amenipa leo. Ilikuwa ya bwana yake marehemu, muganga wa ngombe. Upande moja santimetre, upande ingine kilo. Kamba inajuaje kilo? Misa yote nimewaza hiyo tu.

Jumatatu 2
Mama Furaha ameeleza. Unazungusha kifua ya ngombe, nyuma ya miguu ya mbele, unasoma. Kwetu Papa hakubali: ngombe haihesabiwe, haipimwe, inaleta mukosi. Nimepima ngombe yetu Bihogo asubuhi, kabla ya kwenda malisho, kwa kujificha. Kifua. Kisha tumbo, kutaka kujua tu: 196.

Jumatano 11
Mbaya. Muchinjaji wa Kitchanga atakuja Jumamosi kuchukua Bihogo. Miaka mbili haijazaa. Ile ngombe naipenda kuliko watu wengi.

Ijumaa 13
Nimepima tumbo tena jioni, ngombe zikirudi. 205. Iko na mimba! Lakini nikisema, Papa atajua nilipima. Na mimi sisemake. Mwalimu akiuliza, jibu ninalo mu Kifaransa na mu Kiswahili, nanyamaza mu zote mbili.

Jumamosi 14
Nimesema. Mbele ya watu.
"Papa, iko na mimba. Nilipima."
Muchinjaji akacheka. "Binti yako anashonea ngombe kanzu?"
Papa alisukuma ngumi mu ubavu ya kuume ya Bihogo, akangoja. Kisha: "Rudi kwako, kaka. Haiendi."


Jumapili 15
Asubuhi, 196. Nimerudilia. 196.
Ijumaa nilipima majani. Tumbo iliyoshiba ya jioni, ni hivyo tu. Mupumbavu mimi. Nikinyamaza, nani atajua?

Jumatatu 16
Nimemwambia Papa akikamua ngombe ingine. Niliangalia ndoo, si yeye.
"Nilijua," akasema. "Nilisukuma ile ubavu. Hakuna mutoto alinisukuma."
"Sasa mbona ulimurudisha mutu?"
"Wewe hausemake, mama. Siku umesema, nikufunge kinywa mbele ya muchinjaji?"
Kesho Bihogo inaenda kwa dume ya jirani, tuone.
Nimeshika mukia ya ngombe, yeye akaendelea kukamua.