Treni ya Saa Kumi na Mbili Imepita Kinyerezi

Jumamosi. Mawingu tangu alfajiri, manyunyu yanakuja na kuondoka, nguo za mtoto zimegoma kukauka. Gongo la Mboto leo ni tope tupu. Nina furaha ambayo sijui niiweke wapi, ndiyo maana nimekuja kuiweka hapa.

Nimeshinda.

Kwa ambaye ndiyo kwanza anafika kwenye ukurasa huu: mimi ni mwalimu wa hisabati, nina mke anaitwa Eliza, nina binti wa miezi saba anaitwa Milembe, na nina gemu ya treni kwenye kompyuta. Kwenye gemu hiyo reli ni yangu. Mimi ndiye napanga treni ipi ipite njia ipi, ipi iingie stesheni, ipi isubiri, taa ipi iwe nyekundu. Ramani nimeichora mwenyewe na stesheni nimezipa majina ya huku kwetu. Mwananyamala haijawahi kuona reli. Mimi nimeipa stesheni yenye paa la bluu na majukwaa matatu. Kinyerezi nayo nimeipa, ndogo tu, na ndiyo iliyonitoa jasho.

Reli yangu ni ya njia moja. Treni mbili zikitokea pande tofauti, lazima moja iingie njia ya pembeni pale stesheni ili nyingine ipite. Ukitaka kushinda, uendeshe siku nzima ya kwenye gemu, tangu alfajiri hadi saa sita usiku, bila treni hata moja kukwama. Mimi nilikuwa nafika vizuri mpaka saa kumi na mbili jioni. Hapo treni ya mizigo yenye mabehewa ishirini na mbili inatoka Pugu, ya abiria inatoka mjini, zinakutana Kinyerezi, na kila kitu kinaharibika. Ya nyuma inasimama, ya nyuma yake inasimama, baada ya muda reli yote imeganda kuanzia Pugu mpaka bandarini.

Wiki tatu hivyo. Mwalimu wa hisabati, na daftari lote limejaa mahesabu.

Sasa nimtaje mtu wa pili kwenye habari hii, mama mkwe wangu. Amekuja kutoka kwao, stesheni ndogo mbele ya Tabora, kufanyiwa operesheni ya jicho la kushoto. Leo ni siku ya kumi na moja yupo kwetu. Bandeji imeshatolewa, lakini daktari amemkataza kuinama na kukaa kwenye moshi, kwa hiyo anakaa sebuleni. Mimi niko likizo. Eliza asubuhi anakwenda kwenye kibanda chake cha kushona. Nyumbani tunabaki watatu: mimi, mkwe, na Milembe.

Kwetu Temeke, tulivyokulia, mkwe ni mtu wa kutaniwa. Mama yangu anamtania mume wa dada yangu mpaka wageni wanaona haya. Kwa kina Eliza ni tofauti kabisa. Mama mkwe na mkwe wake hawatazamani usoni, hawakai kochi moja, hawasemeshani. Ameweka kiti chake karibu na mlango, amekigeuza nusu kisogo, na mimi nina meza yangu upande wa dirishani. Shikamoo yangu naitolea koridoni, nikiangalia sakafu. Mengine yote yanapitia kwa mtoto. "Milembe, mwambie baba yako maji yamekatika." "Milembe, mwambie baba yako kuna mtu anagonga." Milembe hajajua hata kusema baba, lakini hiyo kazi anaifanya tangu asubuhi mpaka jioni.

Hata kutembea ndani tumejipangia. Korido yetu ni njia moja. Nikisikia kandambili zake zinatoka chumbani, naingia jikoni, nasubiri apite, ndipo natoka. Hatujawahi kugongana.

Nikiri jambo moja, maana nisipolikiri hapa sitalikiri popote. Siku aliyofika, jioni, nilimsikia akimuuliza Eliza kule chumbani, "Mwanaume mzima anachezea treni?" Eliza akacheka. Mimi sikucheka. Nilikwenda kukaa barazani na mbu wangu.

Iliniuma, na imeendelea kuniuma siku zote hizi. Kila alipomtuma mtoto kuniambia kitu, nilisikia swali lile lile. Nilijiambia huyu mama amempeleka binti yake shule, akatarajia mkwe wa maana, akapewa mimi. Nilimwambia Eliza. Akaniangalia kama mwanafunzi aliyeshindwa kujumlisha.

"We naye! Mama anakuheshimu, ndo maana hakusemeshi. Angekuwa anakudharau ungeshamsikia mpaka Kinyerezi."

Sikumwamini.

Sasa leo. Saa nne asubuhi, Eliza ameshaondoka, Milembe yuko mapajani kwangu anatafuna kona ya kanga. Nilikuwa nacheza sauti nimeizima, maana nilijua mkwe haoni kitu kutoka kule mlangoni. Siku ya gemu ikafika saa kumi na mbili. Mizigo hiyo inakuja kutoka Pugu, abiria hao wanakuja kutoka mjini. Nikafanya nilichofanya kila siku: nikaiingiza ya mizigo pembeni, Kinyerezi, ili abiria wapite.

Sauti ikatoka mlangoni.

"Milembe, mwambie baba yako mkia uko nje."

Sikujua hata ni mkia wa nini.

"Mwambie, mabehewa ya nyuma yamebaki njia kubwa. Sasa hao abiria watapita wapi?"

Anaona! Jicho jipya linaona kutoka mlangoni mpaka kwenye skrini yangu. Maana yake siku zote tangu bandeji itoke alikuwa anaona. Ameniona nikikwama asubuhi, nikikwama mchana, nikishika kichwa, nikiipiga meza kofi. Nilitamani sakafu inimeze. Lakini pia ubishi ukanipanda, maana kwenye reli yangu mimi ndiye mkubwa.

Nikamtuma mtoto. "Milembe, mwambie bibi abiria ni watu. Hawawezi kusubiri mzigo."

Jibu lake likaja refu.

"Milembe, mwambie baba yako mimi nimeuza wali na kuku pale stesheni kwetu tangu mama yako hajazaliwa. Mzigo ni mrefu, hauenei pembeni, unapita moja kwa moja. Wanaoingia pembeni ni abiria, treni yao fupi. Wanakaa hapo, wanasubiri, na sisi tunapita madirishani. Wangekuwa hawasubiri tungemuuzia nani? Mabehewa?"

Niliangalia skrini. Njia ya pembeni ya Kinyerezi inabeba mabehewa manane. Treni ya abiria ina sita. Wiki tatu nimehesabu dakika, mwendo, umbali, na sikuwahi hata siku moja kuhesabu hilo. Kichwani mwangu mwenye haraka ndiye anapita na mzigo ndio unakaa pembeni, basi. Sikuwahi kujiuliza kama unaenea.

Nikarudisha gemu nyuma mpaka saa kumi na moja na nusu. Nikaiingiza ya abiria pembeni, yote, mpaka behewa la mwisho. Nikaifungulia njia ya mizigo. Ikaanza kupita taratibu, ndefu kweli kweli. Huku kwenye skrini abiria wakaanza kulalamika, alama nyekundu zinawaka juu ya vichwa vyao, na kila alama inapunguza maksi. Milembe alikuwa ameshalala begani kwangu. Mkono wangu ukaenda kwenye taa ya abiria. Nilitaka niwaruhusu watoke kidogo tu, nipunguze kelele.

"Baba, usiwafungulie! Mkia bado!"

Nikatoa mkono.

Yakapita mabehewa yaliyobaki. La ishirini. La ishirini na moja. La mwisho. Ndipo nikawasha taa ya kijani, na treni ya abiria ikatoka Kinyerezi kama vile haijawahi kuwa na tatizo maishani.

Halafu nikaelewa kilichotokea. Mtoto alikuwa amelala. Maneno yale hayakupitia kwa mtu. Miaka mitatu ya ndoa, na hiyo ndiyo mara ya kwanza mama mkwe kunisemesha. Nilipomtazama kwa kuibia nikaona amejifunika mdomo kwa ncha ya kitenge, anaangalia ukuta. Mimi nikaangalia sakafu.

Nikaendelea kucheza. Kila treni mbili zilipokaribiana nilisikia kiti cha mlangoni kinalia, maana mwenye kiti ameinua shingo. Saa mbili usiku ya gemu, saa tatu, saa tano. Saa sita usiku ya kwenye skrini ikagonga, bendera ikapanda. Treni zilizopita, arobaini na moja. Zilizokwama, sifuri.

Nilinyanyua mkono mmoja juu, ule usio na mtoto. Na kutoka mlangoni kikaja kigelegele kimoja, kifupi, cha chini chini ili mtoto asiamke.

Nimewahi kupongezwa. Mkuu wangu wa shule alinisimamisha mbele ya wazazi wakati kidato cha nne walipofaulu, watu wakapiga makofi. Nilifurahi, sikatai. Lakini haikuniingia kama kigelegele kile. Najivunia, na leo sioni haya kuandika hivyo: najivunia reli yangu, najivunia stesheni zangu, najivunia kwamba nilitoa mkono nilipoambiwa.

Mchana Eliza alipita kula, nikamsimulia kila kitu isipokuwa lile neno aliloniambia moja kwa moja. Hilo nimelificha, si langu peke yangu.

Kilichonimaliza kilikuja jioni. Nilikuwa jikoni napasha maziwa ya Milembe. Mkwe alikuwa chumbani anaongea na mdogo wake kwa simu, na mama zetu wakiongea kwa simu ya mbali wanapaza sauti ili ifike. Akaelezea jicho, akaelezea mvua, akaelezea mjukuu anavyonenepa. Halafu akasema:

"Huku kuna treni nyingi, mdogo wangu. Mkwe wangu ndiye anazipangia. Leo hata moja haijakwama." Akasikiliza kidogo. "Hapana, si mchezo. Hiyo ni kazi ya kichwa."

Nilisimama pale na sufuria mkononi mpaka maziwa yakapoa. Ikabidi niyapashe tena.

Wakati wa chai mambo yamerudi kama kawaida. "Milembe, mwambie baba yako chai iko mezani." Sentensi ile ile ya kila siku, sauti ile ile, uso umeangalia pembeni vile vile. Eliza ameniuliza kwa nini natabasamu peke yangu. Ningemjibu nini? Kwamba siku kumi na moja nimekuwa nikiisikia heshima ya mtu nikadhani ni dharau? Mke wangu alinieleza kwa Kiswahili changu mwenyewe na nikakataa kuelewa.

Kabla ya kwenda kulala amesimama mlangoni, kisogo kwangu. Milembe alikuwa ameshalala fofofo kwenye mkeka.

"Milembe, mwambie baba yako kesho tukitoka kanisani apange ile ya Jumapili. Jumapili abiria ni wengi."

"Milembe," nikasema, "mwambie bibi nimesikia. Na umwambie ahsante."

Sasa nimekaa hapa mezani naangalia kiti chake kitupu pale mlangoni, na nimegundua kitu. Meza yangu imekaa upande. Kutoka kwenye kile kiti, ili uione skrini, lazima upinde shingo mpaka ukome. Na amepinda shingo siku zote hizi, na jicho la operesheni, ili aone kama treni zangu zitapita.

Kesho, kabla hajaamka, naigeuza meza. Nitakaa mimi kiupande, skrini iangalie mlangoni.