Picha ya Kona ya Mwisho Humfikia Baba Imechelewa

Mama mshauri mpendwa, naomba msaada wako, na naomba unisome mpaka mwisho kabla hujanihukumu, kwa sababu jambo lenyewe ukilisikia nusu utadhani ni la kamari tu, kumbe ni la baba yangu.

Mimi ni mpiga picha kwenye uwanja wa mbio za farasi, kamera yangu ni ile ya kona ya mwisho iliyo juu ya mnara wa chuma, napanda ngazi na chupa yangu ya maji na mwavuli, na mbio zikianza nawafuata farasi wanavyoikata kona mpaka wanyooke kuelekea mwisho, na hapo ndipo mbio nyingi huamuliwa, maana farasi aliyechoka huonekana pale kabla ya mahali pengine popote, kichwa kinaanza kupanda, mkia unazunguka, na mimi naona yote kwa karibu kuliko hata mwenye farasi. Sasa picha ninayoipiga haifiki kwenye runinga na simu za watu papo hapo, inapita kwanza kwenye mitambo, inachelewa kidogo, kiasi cha mtu kumeza funda la maji, na wengi wanaobeti huku mbio zikiendelea hawalijui hilo, au walilikuta kwenye yale maandishi madogo wakayaruka.

Mume wangu analijua, na ni mimi niliyemwambia, tukiwa tunapiga soga tu jikoni, naye akaninunulia simu ndogo ambayo huwashwa siku za mbio peke yake, naiweka mfukoni mwa koti nikiwa nimempigia yeye, na nikiona farasi anayeongoza ameishiwa nguvu nataja rangi ya shati la anayempanda, neno moja tu, "njano," basi. Kwenye mchezo huo watu hushindana wao kwa wao, huyu anasema farasi fulani atashinda, yule anasema hashindi, kampuni inakata chake, kwa hiyo mume wangu pale mezani nyumbani anayapokea madau ya watu ambao bado wanamwona wa njano akiwa mbele, na kila anachopata kimetoka mfukoni mwa mtu. Nilipomwuliza kama huu si wizi aliniambia, "Mke wangu, hatujaiba, tumewahi tu. Kuwahi nako ni kosa?" Nami nikajitia hamnazo, maana maisha yalikuwa yameanza kutunyookea.

Baba yangu ni fundi wa kwato, umri wake wote ameumalizia kuwavalisha farasi viatu vya chuma, mgongo umepinda na masikio yameharibiwa na nyundo, ukitaka akusikie lazima ukae mbele yake, lakini jicho lake, mama, jicho lake halina mfano. Mwenye mabanda humwita asimame tu mlangoni farasi wakitoka, akisema "huyu leo apumzike" basi hapandwi, na hata daktari wa mifugo huanzia pale baba alipoonyesha kidole.

Mwezi uliopita niliugua, kamera akashika mwingine, nikaenda kukaa kwa baba, nyumba yake iko nyuma ya uwanja. Mbio zilipoanza kwenye runinga nikamwona ametoa simu, nikashangaa, nikamwuliza tangu lini anabeti, akacheka akasema, "Tangu siku uliyopewa ile kona. Nacheza hapo tu. Picha ya mwanangu hainidanganyi." Farasi wakaingia kona, akanionyesha, "Tazama bega lile, huyo hashikiki leo," akaweka dau, likapokelewa papo hapo, na kwenye runinga farasi bado yuko mbele anapepea, ila mimi dirishani nikausikia uwanja mzima ukiguna, kwa sababu waliokuwa uwanjani walikwisha kuona kwamba amekatika, na baba na masikio yake hakulisikia lile guno, alikuwa anatabasamu. Kisha picha nayo ikafika hapo. Akaigeuza simu kifudifudi kwenye kitambaa cha meza akaniambia, "Macho yangu yamekufa, mwanangu. Nikimsifu farasi tu, anaanguka nyuma."

Mama, nilitaka ardhi ipasuke. Siku ile hatukuwa sisi, maana sikuwa mnarani, wako wengine jukwaani na simu zao wanafanya kama sisi, lakini hizo siku nyingine zote siwezi kuapa, kwa sababu simu haionyeshi jina la unayemla. Nilipomweleza mume wangu alishika tama akasema, "Tutamfidia mzee kwa njia nyingine, ila usimwambie. Ataniangaliaje tena?" Na kweli baba anampenda mkwe wake huyu, anamwita mwanangu bila kusita.

Sasa baba amefunga nyundo zake ndani ya gunia, amemwambia mwenye mabanda atafute mtu mwingine, na juzi aliniambia, kama anayezungumzia mvua, kwamba kuna farasi jike wa kahawia aliyemwona anaubembeleza mguu mmoja akitoka bandani, zamani angesema, safari hii amenyamaza. "Nimzuie mnyama wa watu kwa macho haya?" Farasi huyo anakimbia Jumamosi hii. Je, mama, nimwambie baba ukweli nivunje nyumba yangu, au niache ile simu kimyakimya na mambo yapoe yenyewe? Namba yangu nimeiandika nyuma ya bahasha.

Ni mimi, wa mnarani

MSHAURI ANAJIBU

Mwanangu wa mnarani, umeniandikia kwa kirefu juu ya mumeo na simu na aibu yako, kisha karibu na mwisho ukanipitishia haraka haraka farasi mwenye mguu mbovu ambaye Jumamosi atakuwa na mtu mgongoni. Nimeisoma barua yako mara nyingi kuliko ninavyosoma za wengine, na kila nikirudi naishia kwenye mguu huo.

Barua imenifikia usiku wa kuamkia siku ya gazeti kwenda mtamboni kuchapwa. Nimeipiga namba uliyoniandikia, imezimwa. Nikapiga tena. Ndipo nikaelewa kwamba umenipa ile namba ya simu yenu ndogo, inayowashwa siku za mbio tu. Binti, umeizoea simu ya kuwalia watu mpaka ndiyo unayoitoa unapoomba msaada. Nimekutumia ujumbe, lakini utauona ukishapanda ngazi na chupa yako ya maji, na hapo utakuwa umechelewa. Tegemeo langu ni gazeti hili, linalotoka Jumamosi asubuhi.

Nakuonea huruma, sikufichi. Umebanwa kati ya baba na mume, na hakuna binti anayependa kusimama hapo. Lakini hilo neno la mumeo, kwamba mmewahi tu, nalikataa. Aliyewahi ni yule aliyeamka mapema wakati mwenzake amelala, na mwenzake angeweza kuamka. Baba yako angeamka saa ngapi ili aiwahi picha ambayo wewe mwenyewe ndiye unayempelekea? Alikaa mbele ya runinga akiamini anaona kinachotokea, na nyinyi mlijua anaona kilichokwisha kupita. Wale wenye simu jukwaani nao wana kesi ya kujibu, ila usijifiche nyuma yao. Wao hawajakabidhiwa kamera.

Na usinidanganye, wala usijidanganye, kwamba hii ni habari ya fedha. Za baba yako zitarudishwa, na ni lazima zirudishwe. Mlichomnyang'anya hasa ni imani juu ya jicho lake. Mzee huyo aliona sawasawa kila mara. Bega alilolisifu lilikuwa zima wakati picha inapigwa. Amekaa peke yake na masikio yake mabovu, akapima, akaamua kwamba yeye ndiye mwenye kasoro, na kwa sababu hiyo sasa anamwona mnyama anaumwa na anafunga mdomo. Mambo hayo hayapoi yenyewe, mwanangu. Kuna mtu atapanda mgongo wa farasi huyo leo mchana, na mama yake anamfulia shati hivi sasa.

Kuhusu ndoa yako, nitakuwa mkali kidogo. Mume anayeogopa ataangaliwaje na mkwewe anajua alichofanya. Aibu hiyo ni yake aibebe, si kazi yako kumbebea, na kama nyumba yenu inasimama juu ya neno moja unalolinong'oneza mnarani basi ilikuwa imekwisha kuinama kabla hujaniandikia. Mpe nafasi aende nawe kwa baba. Akikataa, nenda mwenyewe. Wazee wa namna hiyo hukasirika, hunyamaza, wengine hufukuza mtu mlangoni, kisha hurudi. Huyu anaweza asirudi upesi. Kubali.

Kazini nako utakwenda Jumatatu, utamwambia msimamizi wako mwenyewe kabla hajaambiwa. Kamera unaweza kuipoteza, siwezi kukuahidi vingine. Simu ile itoe betri leo.

Lakini hayo yote yana siku zake. Sasa hivi weka gazeti chini, vaa viatu, nenda nyumba iliyo nyuma ya uwanja. Usisimame dirishani wala usimwite kutoka mlangoni, hatakusikia. Kaa mbele yake. Usianze na mumeo, usianze na kuomba radhi, utalia na muda utapita. Mwambie kwamba picha huchelewa na kwamba macho yake ni mazima. Akikuuliza umejuaje, mwambie umejuaje. Halafu mshike mkono mwende mabandani, amwonyeshe daktari mguu alioutilia shaka.

Siku zote hizi baba yako amekuwa wa mwisho kuona. Leo ukweli umfikie yeye kwanza, na umfikie kutoka kwako.