Kabla ya Kuezua

Mjukuu wangu Rukia,

Assalaam aleikum. Sisi huku Amu hatujambo, alhamdulillahi. Mamako mdogo amejifungua mtoto wa kike, na kitoto hicho kwa sauti kimemshinda muadhini.

Waniuliza kama uiwekee laptopu yako mfumo mpya. Wa zamani wakugandia katikati ya kuandika, lakini waogopa tasnifu yako isije ikapotea. Mimi laptopu siijui, ila kuezua paa nakujua.

Nilipokuwa mwari kule Matondoni, makuti ya nyumba yetu yalichakaa, yakavuja kila pembe. Siku ya kuezua baba alipaza sauti, "Kila mtu natoe chake!" Tukatoa vitanda, majamvi, hata kuku. Daftari langu la kasida nilikuwa nimelificha juu, kati ya makuti, ndugu zangu wasilione. Nikalisahau. Makuti makuukuu yakachomwa moto, nalo likaungua humo humo.

Nililichukia lile paa jipya mpaka masika yalipoingia. Mvua ilinyesha siku tatu, na hatukutega hata sufuria moja.

Paa halikuwa na kosa, mama. Mimi ndiye sikutoa changu.

Basi inakili tasnifu kwenye kile kidude unachoning'iniza shingoni, nakala nyingine umpe shoga yako akuwekee, kisha sema bismillahi ubadilishe. Zile kasida mbili unazonisikia nikiimba jikoni ndizo nilizokuwa nimemnakilia shoga yangu Zainabu.

Bibi yako akuombeaye