Gari Linabana Kwapa

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe, wifi na watoto. Natumaini kile kikohozi kimekuachia na kifua ni chepesi. Sisi huku ni wazima, tena mimi mzima kupita kiasi. Ukiona mwandiko umepinda usidhani naumwa. Ni furaha tu, mkono haukai mahali pamoja.

Barua yako imefika, pamoja na tiketi ya Mama. Najua umeikata kwa moyo mweupe. Ulipomwona mara ya mwisho alikuwa ameshafunga duka la kushona, kwa sababu macho hayalioni tena tundu la sindano, na siku nzima alikaa dirishani akijibu ndiyo na hapana. Hata mimi niliogopa. Ulisema ni heri ahamie kwako moja kwa moja, nami sikuwa na la kupinga.

Sasa sikiliza. Lile gari lako la rimoti uliloniambia niligawe, sikuligawa. Nisamehe. Nililiona juu ya kabati, nikalifuta vumbi, na Jumamosi moja nikalipeleka kwenye uwanja wa saruji nyuma ya ghala la vigae, ambako watu wazima na akili zao hukutana kushindanisha magari ya namna hiyo. Mkaguzi wao ni dereva wa lori mstaafu wanayemwita Milimita. Ana kisanduku cha mbao, na gari lisiloingia humo halishindani, hata ulie machozi ya damu.

La kwako halikuingia. Milimita akanieleza kwa upole kwamba bodi uliyoacha, yaani lile gamba la plastiki la juu, ina upana wa milimita mia mbili, na mashindano yao ni ya mia moja na tisini. Tena, akasema, chasisi yenyewe ni nyembamba, magurudumu yamezama ndani ya bodi kama miguu ndani ya buti la kuazima. Akanishauri nitafute bodi ya mia moja na tisini, kisha nichague magurudumu: ya milimita ishirini na nne au ishirini na sita. Jembamba ni jepesi na hugeuka haraka. Pana hushika ardhi. Nilidhani utani. Milimita mbili ni nini, kaka? Unene wa kifungo cha shati!

Nikarudi na bodi mpya na magurudumu ya aina zote mbili. Nikafunga mapana, nikalijaribu ukumbini. Kila kona, krrr! Tairi linatafuna ukingo wa bodi. Nikafunga membamba, nikalitoa uani penye vumbi, likateleza kama sabuni bafuni. Nikafungua, nikafunga, nikafungua tena, mpaka vidole vikafanya malengelenge. Nikaketi sakafuni, nimekata tamaa.

Ndipo Mama akageuka kutoka dirishani. "Mwanangu," akasema, "hilo gari linabana kwapa."

Kaka, hiyo ilikuwa sentensi yake ya kwanza nzima baada ya wiki tatu! Akaja, akaketi kando yangu, akalibonyeza gari kwa kiganja huku akizungusha gurudumu kushoto na kulia. Akaniambia nisipunguze mkono wa mtu kwa sababu shati limembana, nipanue kwapa. Akachukua kipande cha sabuni, akachora upinde juu ya kila gurudumu kama anavyochora kitambaa, akaomba mkasi wake mdogo uliopinda. Akakata kwa kupapasa. Mapana yakarudi, gari likakata kona kimya kabisa.

Jumamosi iliyopita tukaenda. Milimita akalishusha gari kisandukuni, likaingia. Wembe usingepata nafasi ubavuni. Akalitazama kwa juu kuhakikisha tairi halichungulii nje ya bodi. Akatikisa kichwa kwa kustaajabu, akauliza ni fundi gani aliyekata vile.

Magari yalikuwa manane. Bingwa wao ni mwokaji mikate mwenye kitambi na maneno mengi, naye alifunga membamba. Kwenye njia iliyonyooka alituacha kama tumesimama. Lakini kona zikija, wenzetu wanayumba, gari letu limeng'ang'ania saruji kama kupe! Wa tano, wa nne, wa tatu. Mzunguko wa mwisho tukampita mwenye gari jekundu kwa ndani, watu wakapiga mayowe, nami nikapoteza kiatu kimoja. Tukamaliza wa pili, nyuma ya mwokaji kwa urefu wa kiganja.

Sasa kaa chini kaka, maana kuna jambo nimekuficha. Muda wote naandika "gari letu," nawe bila shaka unaniona mimi nimesimama na rimoti. Mimi kazi yangu ilikuwa kuliinua gari likipinduka. Aliyeendesha ni Mama.

Siku ile alipokata bodi nilimpa rimoti ajaribu kidogo, na hajanirudishia mpaka leo. Macho yake yamechoka kwa vitu vya karibu. Vya mbali anaviona kama mwewe. Sindano imemshinda, ila gari lililo hatua thelathini linamtii kama cherehani. Baada ya mbio aligombana na mwokaji kuhusu kona ya tatu, kwa sauti ile ya zamani ya kumfukuza mteja msumbufu, kisha wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Anakushukuru sana kwa tiketi. Ila anaomba uisogeze tarehe, kwa sababu mwisho wa mwezi kuna mbio nyingine. Na amesema nikuandikie wazi, bila kuzungukazunguka: atakuja kukutembelea wiki mbili, si kuhamia. Hapa ana shughuli.

Nibusie watoto mmoja mmoja, na wifi mwambie namkumbuka. Nasubiri jibu lako, hata likiwa la kunigombeza.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Kitindamimba